Jibu la Kuazima Halimfai Mwanafunzi

Mficha maradhi, walinena wahenga, kilio humfichua. Usemi huu ulinijia likizo iliyopita nilipomkuta mpwa wangu, mwanafunzi wa Kidato cha Nne, akinakili zoezi la nyumbani kutoka kwenye simu.

Swali lilikuwa la kawaida. Jiwe limerushwa juu wima kwa kasi ya mita 20 kwa sekunde. Mvuto wa dunia ukichukuliwa kuwa 10, jiwe litafika kimo gani, na mchapuko wake huko kileleni ni upi? Mchapuko ni kadiri kasi inavyobadilika kila sekunde. Simu ilikuwa imejibu: mita 20, na mchapuko wa 10 kuelekea chini. Majibu yote mawili yalikuwa sahihi.

"Kwa nini mchapuko si sufuri?" nilimuuliza.

"Hata mimi nashangaa, Mjomba. Si jiwe limesimama? Lakini simu imesema hivyo."

Mimi ni mwalimu wa isimu, si wa fizikia. Hata hivyo, kosa lilikuwa katika uwanja wangu. Kiambishi -me- huonyesha hali iliyotimia na ambayo ingalipo: aliyesimama yungali wima. Jiwe halikusimama hivyo. Kasi yake ilipitia sufuri katika nukta moja tu ya wakati, likigeuka kurudi chini.

Tukaandika kimo kuwa 20t − 5t². Kalkulasi, yaani hesabu ya mabadiliko, ikatupa kasi ya 20 − 10t, ambayo ni sufuri baada ya sekunde 2. Tulipotafuta badiliko la kasi hiyo tukapata −10, bila t ndani yake. Kumbe mchapuko ni ule ule njia nzima! Kama ungetoweka kileleni, jiwe lingebaki likielea angani. Kijana akacheka; alikuwa ameelewa.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ilipiga marufuku masomo ya ziada wakati wa likizo, nami naiunga mkono. Lakini mazoezi ya nyumbani yangalipo, na nyumba nyingi hazina mtu aliyesoma kalkulasi. Je, tumlaumu mtoto kwa kukimbilia simu?

Lawama, kwa maoni yangu, ni yetu walimu. Tunasahihisha jibu la mwisho na kulitia alama ya vyema, ilhali hatujui mwanafunzi alikwama wapi. Isitoshe, swali huulizwa kwa Kiingereza na kufikiriwa kwa lugha nyingine. Wapo wadaio kwamba Kiswahili hakina istilahi za sayansi. Hao wakumbushwe kwamba Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mnamo 1990.

Napendekeza mwalimu atenge alama kwa sentensi moja ambamo mwanafunzi ataeleza, kwa lugha aimudu, mahali alipotatizika. Mwanafunzi naye asiombe msaada kabla ya kujaribu. Na mzazi asiyejua kalkulasi asijitenge, aulize tu, "Kwa nini?" Swali hilo halihitaji shahada.

Katika chumba cha mtihani hamna mjomba wala simu. Huko ndiko kilio kitakakosikika, na kitakuwa kimechelewa.