Dekha alianza na soko



Dada yangu, kaka yangu uliye shuleni au chuoni, nikuulize: ukiambiwa utaje wanawake watano waliobadilisha Kenya, utafika wangapi? Wengi wetu tukishamtaja Wangari Maathai tunaanza kukuna kichwa. Na wa kwetu, waliojifunga hijabu kama mama yako? Leo mjue Dekha Ibrahim Abdi wa Wajir.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Wajir ilikuwa inawaka. Koo zinapigana, watu wanauawa, mifugo inaporwa. Hata sokoni mama wa ukoo huu hanunui kwa mama wa ukoo ule. Mwaka wa 1993 wanawake kadhaa wakakutana harusini, wakaulizana: tutaishi hivi mpaka lini? Dekha alikuwa mmoja wao, hajafika hata miaka 30.

Wakaanza na soko. Kila mama auze, kila mama anunue, na kamati ya akina mama ikawa inaangalia asibaguliwe mtu. Baadaye wakawaendea wazee, wakawashirikisha na vijana. Septemba mwaka huo huo wazee wa koo wakatia saini Azimio la Al-Fatah. Kamati yao ya amani ikaja kuingizwa katika mipango ya wilaya, na mfano wake ukaigwa kwingine Kenya. Mwaka 2007 Dekha akapewa tuzo ya Right Livelihood. Nchi ilipowaka baada ya uchaguzi ule, alikuwa kati ya waliowakusanya Wakenya kutafuta amani. Alifariki 2011 baada ya ajali ya barabarani. Allah amrehemu.

Mbona nakuambia haya? Kwa sababu vikao vingi vya wadi ninavyohudhuria, wasichana wanaitwa kupanga viti na kugawa chai. Wanaoongea ni wale wale. Halafu basari zikigawanywa vibaya, tunalalamika kwenye simu usiku kucha.

Tusidanganyane, haki tunazo. Kifungu cha 196 cha Katiba kinalitaka bunge la kaunti lishirikishe wananchi. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya 2016 inampa afisa siku 21 za kukujibu. Hakuna palipoandikwa kwamba muulizaji awe mzee, au awe mwanamume.

Basi kazi ya muhula huu ni hii. Kaeni watu watano. Chagueni jambo moja tu mnaloliona kila siku: choo cha shule, maji, taa za njia ya madrasa, basari. Andikeni barua moja kwa ofisi husika, muulize pesa ngapi zilitengwa na zimeenda wapi. Nakala yenu ipigwe muhuri. Hesabuni siku. Siku ya kikao, nendeni na barua hiyo mkononi.

Na msemaji awe msichana. Kaka, usimsemee. Mara hii viti panga wewe, chai gawa wewe, na akisimama kuongea, msikilize mpaka amalize.

Wanawake wa Wajir walianza na soko lililokuwa mbele ya macho yao. Lako ni lipi?