Butembo na Beni: miji miwili inayokua bila kuhesabiwa

Tangu Goma ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, uongozi wa jimbo la Kivu Kaskazini umehamia Beni. Gavana wa kijeshi, Jenerali Evariste Somo Kakule, anaongoza kazi za jimbo kutoka mji huo. Lakini swali ambalo kila mpango wa maji, shule au usalama huanza nalo halina jibu la uhakika: Beni ina wakaaji wangapi? Na Butembo, kilomita zipatazo 54 upande wa kusini?

Sensa ya mwisho nchini ilifanyika mwaka 1984. Wakati huo nchi iliitwa Zaire, na Kivu ilikuwa jimbo moja, kabla ya kugawanywa mwaka 1988. Maana yake ni kwamba kila mtu aliye chini ya miaka 40 katika miji hii hajawahi kuhesabiwa katika sensa hata mara moja. Namba zinazotumika leo ni makadirio. Ofisi za miji zina yao, zoni za afya zina yao, mashirika ya misaada yana yao. Kwa Butembo peke yake, tofauti kati ya makadirio hayo hufikia mamia ya maelfu ya watu.

Barabara moja, tabia mbili

Miji yote miwili iko karibu na mstari wa ikweta, kwenye barabara ya kitaifa namba 2, lakini haifanani. Butembo iko kwenye vilima, zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, penye baridi na mashamba ya viazi na mboga kando yake. Ilikua wakati wa ukoloni, karibu na shughuli za kampuni ya madini ya Minière des Grands Lacs. Baadaye ikawa mji wa wafanyabiashara, walioanza na kahawa na mazao ya vilima vya Lubero, kisha wakafika mpaka Dubai na China kutafuta bidhaa. Serikali ilipokuwa mbali, kanisa na wafanyabiashara ndio walioshika kazi nyingi za mji. Chuo kikuu cha UCG kilizaliwa hapo mwaka 1989.

Beni iko chini zaidi, mahali pa joto, kati ya msitu unaoelekea Ituri na milima ya Ruwenzori. Kakao na mbao ni mali yake, na barabara ya Kasindi inaifungulia mpaka wa Uganda, mwendo wa kilomita zipatazo 80. Wakati wa vita vya Kongo ilikuwa makao makuu ya RCD-K/ML ya Mbusa Nyamwisi, na ni mwanzoni mwa miaka ya 2000 ndipo miji yote miwili ilipata hadhi ya mji. Leo kila mmoja una komini nne: Bulengera, Kimemi, Mususa na Vulamba kwa Butembo, Beu, Bungulu, Mulekera na Ruwenzori kwa Beni.

Namba inaamua nini

Kwa mwananchi wa kawaida, sensa inaweza kuonekana kama kazi ya makaratasi. Sivyo. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 juu ya miji na komini inataja idadi ya watu kati ya vigezo vya kugawa fedha kwa miji, komini, sekta na shefri. Mji usiojua idadi ya watu wake unaingia kwenye mgao huo bila hoja mkononi.

Viti vya wabunge navyo hugawanywa kufuatana na idadi ya walioandikishwa kupiga kura, si idadi ya wakaaji. Kwa hiyo aliyekimbia kijiji chake bila kuandikishwa hupotea kwenye hesabu ya bunge. Wakaaji wa Beni na Butembo wanajua uchungu wa kuachwa nje. Desemba 2018, CENI iliahirisha uchaguzi hapo kwa sababu ya Ebola na usalama, na pamoja na Yumbi zaidi ya wapiga kura milioni 1.2 hawakumchagua rais. Walipopiga kura ya wabunge Machi 2019, rais alikuwa ameshaapishwa tangu Januari.

Ebola yenyewe ilionyesha upande mwingine wa tatizo. Kati ya Agosti 2018 na Juni 2020 iliua watu 2,287 katika eneo hili la mashariki. Kuizuia kulidai kujua nani anaishi nyumba ipi na nani alikutana na mgonjwa. Pasipo orodha za kuaminika, timu za chanjo zilitegemea kumbukumbu za familia na wakuu wa avenyu.

Kuhesabu wakati wa vita

Wapo wanaosema sensa ingoje amani, na hoja yao ina uzito. Tangu Oktoba 2014, mauaji ya ADF yanasukuma watu wa vijiji kuelekea Beni, Oicha na Butembo. Mwaka 2024, M23 ilipochukua Kanyabayonga, wengine walipanda kutoka kusini mwa Lubero. Wengi hupokelewa na ndugu, wengine hupanga chumba, na baadhi hurudi shambani usalama ukitulia kidogo. Hesabu ya leo inaweza kuwa ya uongo kesho. Tena, panapo hofu, orodha ya majina mlangoni huleta maswali: ni ya msaada, ya kodi, au ya kumtafuta mtu?

Lakini kungoja nako kuna bei yake. Hali ya dharura iliyotangazwa Mei 2021 kwa lengo la kurudisha amani upesi ingali ipo, na sensa ya pili ya taifa imeahidiwa mara nyingi. Wakati huo shule zinajaa na mabomba ya maji yaliyowekwa kwa ajili ya watu wachache yanakauka.

Kuna hatua ambayo haihitaji kungoja Kinshasa. Wakuu wa kata na avenyu tayari wanaandika wanaofika na wanaoondoka, na zoni za afya tayari zinahesabu watoto wa chanjo. Madaftari hayo yakilinganishwa kila miezi mitatu, kisha jumla ya kila kata itangazwe hadharani bila majina ya watu, Beni na Butembo zitakuwa na namba ambayo mkaaji mwenyewe anaweza kuipinga au kuikubali. Namba hiyo haitakuwa sensa, ila meya akienda kuomba fedha hatakwenda mikono mitupu.