Usinunue Panya kwa Jina la Sungura

Wakulima wa skimu, mabwana na mabibi, mwezi huu twataka kusema nanyi juu ya wanyama wadogo ambao watu huwanunua mjini wakawapeleka nyumbani kuwa mchezo wa watoto. Huenda mtu akacheka na kuuliza, "Je, hili nalo ni jambo la kuandikwa gazetini?" Sisi twaona ni jambo la maana sana. Mkulima wa skimu ana ekari chache zilizopimwa, ana uchaga mmoja wa mahindi, na ana majirani pande zote. Mnyama asiyejulikana akiingia kwake, ameingia kwa wote.

Hapana mkulima wa pwani asiyeijua Marikiti ya Mombasa, pale penye Barabara ya Digo, ukingoni mwa Mji wa Kale. Zamani za ukoloni soko lile lilipewa jina la Mackinnon, lakini wenyeji wanaliita Marikiti mpaka leo. Mazao ya Mtwapa, Shimba Hills na Gede hupelekwa mjini humo, na aliyeuza hapendi kurudi mikono mitupu. Tuseme basi umekwisha kuuza machungwa yako, fedha zimo mfukoni, na njiani kwenda kupanda matatu umekutana na kijana mwenye kitundu cha waya. Ndani mna wanyama watatu wanne, manyoya yao laini. Kijana asema, "Babu, mpelekee mjukuu wako sungura mdogo, ni bei ndogo tu." Na mjukuu mwenyewe amekwisha kutia kidole kitunduni! Hapo ndipo pa kumjua mnyama. Ukingoja mpaka nyumbani umechelewa. Watu husema ni vibaya kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Lakini huyu humo guniani, unamwona kwa macho, na bado wengi hununua wasichokijua.

Rai yetu ni hii. Mnyama mwenye mkia mrefu usio na manyoya asiingie katika skimu, hata akiwa mweupe kama pamba. Asiye na mkia kabisa, yaani simbilisi, aweza kuingia, tena aweza kumfaa mkulima, akitunzwa ipasavyo. Sasa tutaeleza sababu, na jinsi ya kuwatambua.

Wanyama hawa wote huitwa wagugunaji. Mgugunaji ana meno mawili makali mbele juu na mawili chini, na meno hayo huota maisha yake yote. Asipoguguna kitu, meno humzidi. Ndiyo sababu hutafuna ubao, ndoo ya plastiki na waya wa umeme, ingawa havimshibishi. Kuchakulo, nungu na ndezi pia ni wa ukoo huu. Sungura si wa ukoo huu. Ukimfungua mdomo utaona nyuma ya meno yake ya juu kuna meno mengine mawili madogo, na tangu 1912 wataalamu wamemweka katika ukoo wake mbali. Kirukanjia naye, yule mdogo mwenye pua ndefu iliyochongoka na harufu kali, si panya hata kidogo. Chakula chake ni wadudu, na mkulima amwuaye amemwua msaidizi wake.

Basi, ukisimama mbele ya kitundu, tazama mkia kwanza. Ukiona hakuna mkia, masikio ni mafupi yaliyolala kama petali za ua, na mwili ni wa mviringo kama kwamba hauna shingo, huyo ni simbilisi, ambaye wengine humwita ginipigi. Hesabu vidole vyake: miguu ya mbele ina vinne kila mmoja, ya nyuma ina vitatu. Hapana panya mwenye hesabu hiyo. Akikua hufika uzito wa kilo moja hivi. Asili yake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini, ambako watu wamemfuga kwa maelfu ya miaka kwa ajili ya nyama. Huko Kivu, mashariki ya Kongo, watu humwita dende, na nyumba nyingi humfuga kwa kitoweo na kwa kupata fedha kidogo za haja za nyumbani.

Simbilisi hutofautiana na sungura na panya hata katika kuzaliwa. Mama yake hubeba mimba siku 60 hadi 70 hivi, huzaa watoto wawili hadi wanne, nao hutoka na manyoya, macho wazi, wakaanza kutafuna majani mapema sana. Sungura hubeba mimba mwezi mmoja tu, na watoto wake huzaliwa uchi na vipofu. Panya hubeba mimba siku 21 hadi 23, na watoto wake pia huzaliwa uchi. Kwa hiyo muuzaji akikuonyesha "sungura aliyezaliwa jana" naye anakimbia na manyoya yake, jua kwamba ama hamjui mnyama wake, ama hakutakii mema.

Neno moja zaidi juu ya simbilisi, kwa kuwa wengi humwua bila kujua. Mwili wake, kama mwili wa mwanadamu, hauwezi kujitengenezea vitamini C. Lazima apate majani mabichi kila siku. Akilishwa pumba peke yake, au chakula cha sungura cha dukani peke yake, viungo huvimba, akawa hatembei vizuri, na mwisho hufa. Msimweke banda moja na sungura, maana sungura humpiga teke na humwambukiza maradhi ya kifua. Tena tenganisheni madume na majike mapema, kwa kuwa jike huweza kushika mimba kabla hajatimiza miezi miwili.

Sasa tuje kwa wenye mkia mrefu. Wa kwanza ni panya mweupe mwenye macho mekundu. Watu wengi hudhani huyu ni kabila jingine, la kistaarabu. Sivyo. Huyu ni yule yule panya mkubwa wa bandarini, mwenye pua nene, masikio mafupi, na mkia mfupi kuliko mwili. Wazungu walimfuga katika karne ya 19, wakachagua weupe, wakamtumia katika maabara. Hatusemi ni mnyama mbaya. Ni mwerevu na huzoea mkono wa mtu. Lakini akitoroka usiku katika skimu atakutana na jamaa zake wa rangi ya udongo, na watoto watakaozaliwa watakuwa wa rangi ya udongo. Weupe hupotea katika uzazi wa kwanza, na ulafi hubaki. Jike mmoja huzaa watoto sita hadi kumi na wawili kwa mara moja. Hesabu mwenyewe madebe ya mahindi.

Wa pili ni panya wa darini. Huyu ni mwembamba, masikio yake ni makubwa na membamba, na mkia wake ni mrefu kuliko mwili. Ni hodari wa kupanda. Ndiye atoboaye madafu juu ya mnazi. Wa tatu ni yule panya mdogo wa nyumbani. Hapa wengi hukosea, wakamchukua mtoto wa panya mkubwa wakidhani ni huyu mdogo asiyekua. Tazama kichwa na nyayo. Mtoto wa panya mkubwa ana kichwa kikubwa na nyayo kubwa kuliko mwili wake, kama mtoto aliyevaa viatu vya baba yake. Panya mdogo mzima ana kichwa kidogo, nyayo ndogo, na masikio makubwa. Wa nne ni panya wa shamba, ambaye jike wake huweza kuwa na chuchu hadi 24. Mungu hakumpa chuchu hizo kwa pambo. Baada ya mvua huzaa kwa wingi, akamaliza mbegu ardhini kabla hazijaota.

Wa tano ni panya buku, na huyu amepata sifa kubwa duniani. Uzito wake hupita kilo moja, ana mifuko mashavuni ya kubebea chakula, na nusu ya mwisho ya mkia wake ni nyeupe. Huko Morogoro, Tanzania, shirika la APOPO pamoja na Chuo Kikuu cha Sokoine huwafundisha panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini na vijidudu vya kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Tanzania, aligundua Kambodia mabomu ya ardhini zaidi ya 70, akapewa nishani ya dhahabu mwaka 2020, akafa mwaka 2022. Kuna watu waliosikia habari hizo wakataka kumkamata panya buku porini wamfuge. Twawaambia, hao wa Morogoro huzaliwa na kulelewa mikononi mwa watu, hupimwa afya, na wana walimu wao. Yule uliyemtoa shimoni hana hata kimoja cha hayo. Tena sheria ya Kenya ya mwaka 2013 inataka kibali kwa mtu anayetaka kufuga mnyama wa porini. Wala msimchanganye na hamsta wa madukani: huyo pia ana mifuko mashavuni, lakini hutoshea kiganjani na mkia wake ni kijipande tu. Hamsta aachiwe watu wa mjini. Hula nafaka, hulala mchana kutwa, na hana faida shambani.

Msidhani twatia chumvi. Mwaka 2003 wafanya biashara wa Marekani walileta kutoka Ghana panya buku na wagugunaji wengine ili kuwauza kama wanyama wa nyumbani. Waliwekwa pamoja na wagugunaji wa Marekani waishio mashimoni, ambao watu huko huwafuga. Ugonjwa wa mpox ukahama kutoka kwa wageni ukaingia kwa wenyeji, na kutoka kwa wenyeji ukaingia kwa watu. Watu 47 waliugua, wengine wao watoto. Kwa rehema ya Mungu hakufa mtu. Ikiwa nchi tajiri yenye madaktari tele ilifikwa na haya kwa kuchanganya wanyama, sisi tutasemaje?

Na karibu na kwetu pia tuna mafunzo. Nairobi ilipatwa na tauni mwaka 1902 hata soko la Wahindi likachomwa moto. Lushoto, Tanzania, tauni ilianza kusumbua mwaka 1980, ikaendelea zaidi ya miaka ishirini. Viroboto wa panya ndio huihamisha. Mwaka 2022, katika Mkoa wa Lindi, homa ya mgunda iliua watu watatu. Vijidudu vyake hutoka katika mkojo wa wanyama, na panya ni mmoja wao. Mtoto amkumbatiaye panya asiyemjua, kisha akala ugali bila kunawa, amejiweka hatarini.

Wako watakaosema, "Basi dawa ni kuua kila chenye meno." Hapana. Mwenye kumwaga sumu ovyo huua paka wake, bundi aliyekuja kuwinda panya, na kuku wa jirani. Wako pia watakaosema, "Watoto wana haki ya kucheza na mnyama." Hilo ni kweli, na hatulikatai. Mtoto anayetunza kiumbe kila asubuhi hujifunza kazi, huruma na hesabu. Lakini mpe mnyama ambaye akitoroka hatakwenda kuzaliana katika uchaga. Simbilisi hawezi kupanda ukuta, ukingo mdogo wa mbao humzuia, chakula chake ni majani, na samadi yake ni nzuri kwa bustani ya mboga.

Basi twashauri hivi. Kamati ya kila skimu izungumze jambo hili katika mkutano wake na kukubaliana kwamba panya wa kufugwa, mweupe au wa rangi yoyote, hataletwa. Atakaye simbilisi anunue kwa mfugaji ajulikanaye, aone banda alikotoka, na amwulize Bwana Mifugo namna ya kutambua dume na jike. Mnyama mpya akae peke yake majuma mawili kabla ya kuchanganywa na wenzake. Mwenye uchaga auinue juu ya nguzo kiasi cha mita moja, na kila nguzo aivike bati pana, ili panya akipanda ateleze. Watoto wafundishwe kunawa mikono kwa sabuni kila wamshikapo mnyama, na wasimguse panya aliyekufa kwa mkono mtupu.

Mambo haya hayataki fedha nyingi. Yataka macho na subira ya dakika mbili mbele ya kitundu. Geuza mnyama, tazama mkia, hesabu vidole, uliza umri wake. Kijana wa kitundu akikuambia ni sungura, nawe umeona mkia mrefu usio na manyoya, mshukuru kwa heshima, mshike mjukuu wako mkono, mkanunue maembe.