Mwalimu wa Chekechea Naye Huchoka

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya hauna habari za malaria wala kipindupindu. Tunapenda kuzungumza juu ya mwalimu wa chekechea, yule tunayemwachia watoto wetu asubuhi tukaenda zetu shambani au kazini.

Hapa Tanzania kiwango kilichowekwa kwa darasa la awali ni watoto 25 kwa mwalimu mmoja. Hali ya vigangoni mnaijua: mwalimu ana watoto hamsini na zaidi, huyu analia, yule amejikojolea, wa tatu hajanywa uji. Kabla ya saa nne sauti imekwisha kumkauka.

Uchovu wa siku moja huondoka kwa usingizi. Upo mwingine usioondoka. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake iliyoanza kutumika mwaka 2022, halikuuita ugonjwa, bali hali inayoletwa na shida za kazini zilizodumu bila kushughulikiwa. Mtu huishiwa nguvu, moyo wake hujitenga na kazi, tena hujiona hafai kitu. Hilo la pili ndilo linalotutia hofu. Mtoto wa miaka minne hawezi kueleza kwamba mwalimu hamchangamkii tena. Anagoma tu kwenda shule, nasi tunasema anadeka.

Mara nyingi mwalimu huyu husifiwa, hata kanisani, kwamba ana wito. Ni kweli anao. Lakini wito haununui unga. Katika shule nyingi za parokia mshahara wake hutoka katika ada zetu. Tukizichelewesha miezi mitatu kisha tukamsifu, sifa hizo humchosha kuliko kelele za watoto. Wala tusimwambie asali zaidi, basi. Nabii Elia alipochoka hata akaomba kufa, malaika alimpa kwanza mkate na maji, akamwacha alale tena (1 Fal 19).

Basi tulipe ada kwa wakati. Mtoto afuatwe saa ya kufunga, si alasiri. Wazazi wa jumuiya wapeane zamu ya kupika uji na kuwanawisha watoto, mwalimu apate walau nusu saa ya kukaa. Kamati ya shule nayo imtafutie msaidizi mapema, kabla hajaandika barua ya kuacha kazi.

Nawe mwalimu, usingizi ukikukimbia wiki mbili mfululizo, au ukiona heri kufa, nenda zahanati ukaeleze. Usingoje likizo.