Chungu cha Binti Yetu Kisii

Mama mmoja alitujia akihuzunika kuwa bintiye, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kisii, "anakula majani". Tukampigia simu binti mwenyewe, akacheka. Majani hayo ni mnavu, ule ule tuupikao kwa nazi huku Pwani. Wakisii huuita rinagu. Mengine ni mgagani, yaani chinsaga, ambao huchemshwa, ukatiwa maziwa kuukata uchungu, ukalala hadi kesho, ukazidi utamu. Ndizi mbichi huko ni tele. Jioni, mvua ya milimani ikinyesha, hukaa na sufuria yake moja, akapika chakula cha wawili: chake na cha jirani yake wa chumba cha pili, msichana wa Nyamira asiye Muislamu, aliyemfundisha mapishi hayo.

"Je, yafaa, sheikh?" mama akauliza.

Tukamjibu kuwa mboga na maziwa havina shaka. Nyama ndiyo ya kuulizia mchinjaji wake. Na Mtume (s.a.w.) alimuusia Abu Dharr azidishe maji mchuzini ili majirani wapate, wala hakuuliza dini zao.

Mama alinyamaza kitambo. Kisha akauliza kama nazi nne zitawatosha wote wawili.