Afisa Akija Shambani, Muulize Sheria

Ndugu mkulima, tuseme asubuhi moja uko zizini unakamua, mara mtu amesimama langoni pako. Ana pikipiki, na kitabu kwapani. Anakuambia, "Jambo hili unalolifanya limekatazwa." Je, utafanya nini?

Wako wanaokimbia kupitia mlango wa nyuma, wakamwachia mama watoto kazi ya kujibu. Wako wanaoshika rungu. Tena wako wanaotia mkono mfukoni na kutoa kitu kidogo ili mgeni aende zake. Watu hawa watatu wote wamekosa, na kosa lao ni moja: hakuna hata mmoja aliyeuliza sheria yenyewe inasema nini.

Shauri letu mwezi huu ni hili. Afisa si sheria. Afisa ni mjumbe wa sheria, kama vile mpeleka barua si mwandishi wa barua. Akija na barua, ipokee na uitii. Akija mikono mitupu, mwombe kwa adabu akuonyeshe barua hiyo.

Hatusemi kwamba sheria ni mbaya. Mkulima wa skimu anahitaji sheria kuliko watu wengi, maana ploti zetu zimepakana. Jirani yako akikataa kuogesha ng'ombe, kupe wake hawaujui mpaka. Akilima mteremko mkali bila matuta, udongo wake utakuja kufunika mboga zako huko bondeni. Ndiyo sababu kanuni za matumizi ya ardhi za mwaka 1965 zilikataza kulima mteremko unaozidi asilimia 35. Tena fikiri juu ya kanuni za viazi za mwaka 2019, zilizosema gunia lisizidi kilo 50. Kanuni hiyo haikutungwa kumwonea mkulima. Ilitungwa kumkinga na mnunuzi anayeongeza kilemba juu ya gunia kisha akalipa bei ya gunia moja. Mkulima asiyeijua ni kama mtu mwenye panga ndani ya nyumba, naye amesimama nje akimfukuza nyoka kwa mikono.

Basi shida iko wapi? Shida huanza pale mwenye mamlaka anapotumia nguvu ambazo hakupewa, au anapotunga amri bila kuwauliza wale watakaoibeba.

Nchi yetu imeliona jambo hili zamani. Miaka ya 1940, huko Olenguruone katika Nakuru, serikali ya wakoloni iliweka watu katika skimu, wengi wao wakiwa jamaa zilizoondolewa katika nchi ya Wamaasai. Watu wale waliiona ardhi ile kuwa yao, fidia ya ardhi waliyopoteza. Serikali ikasema wao ni wapangaji tu, na sharti wafuate kanuni zake za kulima. Baadhi ya kanuni zile zilikuwa na maana, kwa sababu mkulima yeyote anajua faida ya kubadilisha mazao na kutunza udongo. Lakini zililetwa kama amri ya bwana kwa mtumishi. Watu wakakataa. Mwisho wake waliondolewa, na wengi wakapelekwa Yatta. Funzo lake ni kwamba hata kanuni njema, ikiletwa bila mapatano, huzaa uchungu badala ya mavuno.

Siku hizi mambo yamewekwa kwa njia nyingine, na yafaa uijue njia hiyo. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 94, inasema kwamba hakuna mtu wala shirika, ila Bunge, lenye uwezo wa kutunga jambo lenye nguvu ya sheria, isipokuwa limepewa uwezo huo na Katiba au na sheria. Maana yake, waziri au bodi ya zao lako haiwezi kuamka asubuhi na kutunga kanuni kwa kupenda kwake. Sharti iwepo sheria mama iliyoipa ruhusa, na kanuni isivuke mipaka ya ruhusa hiyo.

Tena mwaka 2013 Bunge lilipitisha sheria juu ya kanuni hizi zinazotungwa na mawaziri na mashirika. Sheria hiyo inataka watakaoguswa waulizwe kwanza. Inataka kanuni ichapishwe katika Gazeti la Serikali, kisha ipelekwe Bungeni katika muda wa siku 7 za vikao. Isipopelekwa, hukoma kuwa na nguvu. Hata iliyopita salama hufikia mwisho baada ya miaka 10, isipoongezewa muda. Na kifungu cha 47 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kutendewa na ofisi za umma kwa njia ya sheria na ya haki. Ikiwa uamuzi wa ofisi utakuumiza, una haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Sheria ya mwaka 2015 imeeleza zaidi namna ya kuidai haki hiyo.

Labda utasema, "Haya ni maneno ya mawakili, mimi ni mtu wa jembe." Basi sikiliza habari za mbegu. Sheria yetu ya mbegu, kama ilivyorekebishwa mwaka 2012, iliweza kumfanya mkulima mhalifu kwa kubadilishana na jirani yake mbegu zisizoidhinishwa, hata zile alizorithi kwa nyanya yake. Adhabu ilifika miaka miwili gerezani na faini ya shilingi milioni 1. Wakaguzi walipewa uwezo wa kuingia penye mbegu na kuzitwaa. Mwaka 2022 wakulima wadogo 15 hawakukimbia wala hawakushika rungu. Walikwenda mahakamani. Mwezi wa Novemba 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba. Hukumu hiyo haikumfungulia mlango mwuza mbegu bandia, ambaye bado ni adui wa sisi sote. Ilichosema ni kwamba hata mkono wa sheria una mpaka, kama ploti yako ilivyo na mpaka.

Wako maafisa watakaonung'unika. Watasema, "Kila mkulima akidai karatasi, kazi itafanyika lini? Ugonjwa wa ng'ombe haungoji!" Wana haki kwa sehemu. Ugonjwa wa midomo na miguu ukiingia katika skimu na karantini ikatangazwa, usihamishe hata ndama mmoja. Tii kwanza, na ukiwa na neno, uliza baadaye. Lakini afisa mwema hapotezi kitu akionyesha kitambulisho chake na kutaja sheria yake. Anayechukia swali mara nyingi ni yule aliyekuja kutafuta chai.

Basi ufanye nini? Kwanza, mkaribishe mgeni na umwulize jina lake, ofisi yake, na sheria inayompa kazi ile. Andika majibu yake katika daftari, pamoja na tarehe. Pili, akichukua kitu chako au akikutoza faini, dai hati au risiti. Fedha isiyo na risiti haikuingia serikalini. Tatu, kama hukuridhika, andika barua kwa mkubwa wake na uombe sababu kwa maandishi. Usiruke moja kwa moja kwenda kortini, maana kwa kawaida sheria inakutaka umalize kwanza njia za rufani zilizomo ndani ya ofisi. Iko pia Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi huiita Ombudsman, inayopokea malalamiko juu ya ofisi za umma.

La nne ndilo kubwa. Ukisikia baraza limeitishwa kuzungumza juu ya kanuni mpya ya maziwa, majani chai au viazi, nenda. Usiseme, "Watakwenda wengine." Viti vya baraza vikiwa vitupu, mnunuzi mkubwa na wakili wake watazungumza peke yao, na kanuni itatoka ikinuka manukato yao. Mtu asiyefika siku ya kupima shamba asilalamike beacon zikipandwa mahali asipopenda.

Ndugu mkulima, iheshimu sheria, umheshimu na afisa aliyeileta. Lakini ijue sheria hiyo kama unavyomjua ng'ombe wako, jina lake na ukoo wake, ndipo asiweze mtu yeyote kukuletea langoni ng'ombe wa kuazima na kukuambia ni wa Serikali.