Udongo wetu unashuka kwa jirani



Kila asubuhi, kabla watoto hawajaenda masomoni, tunashika ufagio. Parseli iliyofagiwa mpaka udongo unang'aa ndiyo sifa ya mama wa nyumba. Hivyo mama zetu walitufundisha. Lakini hapa Bukavu tunakaa kwenye miteremko. Mvua inaanza mwezi wa tisa na kuendelea mpaka mwezi wa tano, na udongo usiofunikwa unafuata maji.

Msimu uliopita, mama mzee anayekaa chini yetu alipanda kutuona. Hakugombana. Alisema tu: «Wanangu, udongo wenu uko jikoni kwangu.» Tulishuka naye, tukakuta matope yamefikia mbabula yake. Tuliporudi tulizunguka nyuma ya nyumba yetu, tukaona mawe ya msingi, ambayo zamani yalikuwa chini ya udongo, sasa yako nje shibiri nzima. Mvua ilibeba, lakini sisi tulikuwa tunailegezea udongo kila siku kwa ufagio.

Tulipanda nyasi. Penye jua zilishika vizuri. Chini ya mwavokado na nyuma ya ukuta, ambako jua halifiki, zilikufa zote. Na hapo hapo kulikuwa na kitu kilichokuwa kinaota chenyewe, nasi tulikuwa tunakikwangua kwa jembe: yale majani madogo sana, laini kama zulia, yanayoshika juu ya mawe na udongo wenye baridi. Vitabu vinaiita kuvumwani. Wengi wetu tunasema tu «uchafu wa kijani».

Si uchafu, wala si ugonjwa wa udongo. Ni mmea usio na mizizi ya kweli; unakunywa maji kwa majani yake. Ndiyo sababu unaweza kukaa kwenye udongo mgumu na maskini ambako nyasi zinashindwa. Tone la mvua likiangukia juu yake, halipigi udongo.

Hivi ndivyo tulivyofanya, na kila kikundi kinaweza kufanya bila kununua kitu:

Chagua mahali penye kivuli na unyevu. Ng'oa magugu, toa majani makavu, kisha kandamiza udongo kwa mguu au ubao. Usilime na usitie mbolea. Mbolea itaita magugu.

Chukua vipande vya kuvumwani kwenye mawe na kuta za parseli yako au ya jirani aliyekubali. Usimalize yote, acha nusu ili iote tena. Tusiende kuitafuta katika msitu wa Kahuzi-Biega, ule ni mbuga iliyolindwa.

Lowesha udongo, weka vipande, vikandamize vishikane na udongo. Penye mteremko, vishikize kwa vijiti vidogo. Ukiwa na vichache, vipasue na kuvitawanya. Kila kipande kinaweza kuanza upya. Nyunyizia maji kidogo kila siku, majuma ya kwanza, kama mvua hainyeshi. Wengine wanasema isagwe pamoja na maziwa yaliyoganda. Maziwa ni ya watoto; maji yanatosha.

Usimwage hapo majivu wala maji ya sabuni, vitaiua. Majani yakianguka juu yake, yaokote kwa mkono. Wakati wa jua, mwezi wa sita mpaka wa nane, itakauka na kugeuka rangi. Usiing'oe. Mvua ikirudi, itakuwa kijani tena.

Tuseme pia mambo mawili wazi. Kwanza, kuvumwani inateleza. Kwenye ngazi, mlangoni na njia ya choo, ikwangue kabisa. Mtoto au mzee asianguke kwa sababu yetu. Pili, inalinda uso wa udongo tu. Haiwezi kushika mteremko unaotaka kuporomoka. Hapo tunahitaji mifereji ya maji ya mabati, ukuta wa mawe, na mimea yenye mizizi mirefu kama matete. Ukiona ufa kwenye udongo juu ya nyumba, usipande kitu: ita wazee na wakubwa wa avenue, na watoto wasilale chumba hicho.

Kwa watoto, tunapendekeza somo dogo la siku ya posho. Chukueni sahani mbili za zamani: moja yenye udongo mtupu, nyingine yenye udongo uliofunikwa na kuvumwani. Ziinamisheni kidogo, mwageni juu ya kila moja kikombe kimoja cha maji, polepole, na kingeni yanayotoka chini. Waulizeni watoto: maji gani ni mekundu? Udongo huo unakwenda wapi? Watajibu wenyewe, na kesho watakuwa wa kwanza kumzuia dada yao asikwangue ukuta wa nyuma.

Sisi bado tunafagia. Tunafagia mlangoni, jikoni na mahali watoto wanapocheza. Nyuma ya nyumba ufagio haufiki tena. Zulia letu halijajaa, kuna mapengo bado, na tumeongeza mstari wa mawe upande wa chini. Lakini mvua za mwezi wa nne zilipopita, tulishuka kumsalimia mama mzee. Alikuwa anapika, na mbele ya mbabula yake palikuwa pakavu.